Moyo wametengeneza, na pumzi je?

Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya ukurasa wa afya kuhusu upasuaji wa moyo, nimeisoma mara mbili maana mwenyewe ni muhusika, nilifanyiwa baipasi miezi kumi na moja iliyopita, yaani damu inatengenezewa njia mpya ya kupita pale mishipa ya moyo ilipoziba, mimi ilikuwa mishipa mitatu. Makala nzuri, sina ugomvi nayo, mwandishi kaeleza vidonge, kaeleza kidonda, kaeleza kliniki za kurudi. Ila jamani toka juu mpaka chini hakuna mahali kataja misuli ya kupumulia, hata mstari mmoja hakuna. Na mimi kilichonitesa baada ya kutoka chumba cha upasuaji sio moyo, moyo ulitoka mle unaenda kama saa mpya. Kilichonitesa ni pumzi. Ndo maana nimeona nisikae kimya.

Niseme kwanza mimi ni mtu wa kwaya, naimba besi safu ya nyuma miaka mingi, kwa hiyo kwa suala la pumzi nilikuwa najiona niko vizuri kuliko wenzangu wote wodini. Siku ya nne sista akaniambia mzee leo unaenda msalani mwenyewe. Hatua kama kumi na tano hivi. Nikafika, nikashika beseni, nikawa nahema kama mtu aliyekimbizwa na mbwa, nikawaza basi, imeshindikana, wamenifungua bure. Sista akaja akanibana kile kidude cha kidoleni akasema oksijeni iko sawa mzee, moyo uko sawa, akaondoka. Sasa kama vyote viko sawa mbona nahema? Hakuna aliyenijibu hilo swali kwa wiki sita, na sio kwamba walikuwa watu wabaya, walikuwa na kazi nyingi na kwenye makaratasi yao kila kitu kilikuwa kimepigwa tiki.

Jibu nilikuja kulipata kwa dada mmoja wa fizio, hawa wanaotibu kwa mazoezi ya viungo, na ni jibu rahisi mpaka linakera. Mapafu hayavuti hewa. Mimi na umri huu wote nilikuwa najua mapafu ndo yanavuta, kumbe yale ni kama mifuko tu, yenyewe hayana msuli wa kujipanua. Kinachovuta ni kile kiwambo kilichotenganisha kifua na tumbo, wenyewe wanakiita diaframu, msuli mpana uliojikunja kama kuba, ukikaza unashuka chini, kifua kinapata nafasi, hewa inaingia yenyewe. Halafu kuna misuli ya katikati ya mbavu inasaidia, na ukizidiwa hata ya shingoni inaingia kazini, ndo maana mtu aliyechoka sana unaona shingo inachezacheza. Ukipumua mara 12 tu kwa dakika, na hiyo ni ya mtu aliyetulia kabisa, piga hesabu, ni zaidi ya mara 17,000 kwa siku. Hakuna msuli mwingine wa hiari mwilini unaopigishwa kazi hivyo bila likizo. Sasa huo msuli ndo unaopata kipigo siku unayopasuliwa moyo, na hakuna anayeuulizia hali kesho yake.

Kipigo kinatoka pande nyingi. Cha kwanza ni kifua chenyewe, ule mfupa wa katikati unapasuliwa kwa msumeno toka juu mpaka chini, mbavu zinatanuliwa, kisha mwishoni mfupa unafungwa kwa waya za chuma na unachukua wiki kama sita mpaka nane kuanza kushika sawasawa, wengine zaidi. Mwenye mfupa wa hivyo havuti pumzi ndefu, anavuta vipumzi vifupifupi vya juujuu kwa kuogopa maumivu, na kadiri anavyovuta vifupi ndo sehemu za chini za mapafu zinazidi kusinyaa. Na zilishaanza kusinyaa mezani kule, maana wakati mashine ya moyo na mapafu imechukua kazi, mapafu kwa kawaida yanaachwa yamelala hayapulizwi (mashine hiyo ndo ile John Gibbon alifanikiwa nayo kwa mara ya kwanza kwa mtu mwaka 1953 kule Philadelphia, huwa nawaza yule mgonjwa wa kwanza alikubalije). Basi mapafu yakisinyaa makohozi yanakaa, makohozi yakikaa wadudu wanapata nyumba, ndo hiyo nimonia ya baada ya operesheni.

Halafu kuna neva. Kiwambo kinapata amri yake kutoka shingoni, kuna neva mbili zinashuka, ya kulia na ya kushoto, zinapita pembeni kabisa ya moyo, zimelala kwenye ule mfuko unaofunika moyo. Zamani zaidi, na wengine mpaka leo, walikuwa wanaweka barafu kuzunguka moyo kuupoza wakati umesimamishwa, na neva haipendi barafu. Pia ule mshipa wa ndani ya kifua wa upande wa kushoto wanaoutumia kwenye baipasi uko jirani na njia ya neva hiyo, wakiutoa inaweza kuguswa. Ikizimia, nusu ya kiwambo inakaa bila kazi, eksirei unaona upande wa kushoto umepanda juu. Mara nyingi inarudi lakini ni ya miezi, wengine mwaka na zaidi, na mgonjwa akilala chali anaona kama kaekewa gunia kifuani. Mimi yangu haikuzimia, waliangalia kwa ultrasaundi kiwambo kikawa kinashuka pande zote mbili, kumbe tatizo langu lilikuwa dogo zaidi ya hapo na la kawaida zaidi. Msuli ulikuwa dhaifu tu basi.

Na msuli huu unadhoofika haraka kuliko unavyofikiri. Mwaka 2008 kulitoka utafiti kwenye jarida la New England Journal of Medicine, waliangalia viwambo vya watu ambao ubongo ulishakufa na walikuwa wanapumuliwa na mashine kabla ya kutoa viungo vyao, masaa 18 mpaka 69 tu kiwambo kikiwa hakifanyi kazi kabisa, nyuzi za msuli zikawa zimepungua unene kwa zaidi ya nusu. Nusu, ndani ya siku tatu! Sasa nisitishe watu, mgonjwa wa moyo wa kawaida mpira wa mashine ya kupumulia unatolewa mdomoni ndani ya masaa machache, siku hizi madaktari wanaharakisha hilo makusudi, kwa hiyo sio kwamba kila anayetoka ICU, kile chumba cha mahututi, kiwambo kimeisha. Lakini yule anayechelewa kwenye mashine siku mbili tatu kwa sababu ya figo au kutokwa damu, huyo ndugu zake wajue, akitoka pale hana nguvu ya kupumua ya siku aliyoingia, na asilaumiwe kuwa ni mvivu.

Hapo kwenye uvivu ndo paliponiuma mimi. Nyumbani walikuwa wananiambia jitahidi, daktari kasema utembee, na mimi nikitembea kidogo miguu inakuwa mizito kama imefungwa matofali. Mke wangu akahisi nimekata tamaa. Yule dada wa fizio akanieleza kitu ambacho sijawahi kukisikia, kwamba misuli ya kupumulia ikichoka sana mwili unaipendelea, unabana mishipa ya damu ya miguuni ili damu ibaki kwa wanaopumua. Miguu inanyimwa. Kwa hiyo unadhani tatizo ni miguu au ni moyo, kumbe mdai ni kiwambo. Niliposikia hivyo nilitamani nimrudie kila aliyeniambia jitahidi.

Sasa nije kwenye ile mipira. Waliopita wodi za upasuaji wanaijua, kile kiplastiki chenye vyumba vitatu na mipira mitatu ya rangi na mrija. Mimi nilipewa siku ya pili, mtu akaniwekea kwenye kimeza akasema fanya fanya hii mara kwa mara, akaenda. Mhariri, nilipuliza ile kitu siku mbili nzima! Napuliza kwa nguvu zangu zote mipira haipandi, nikasema hili nalo bovu. Siku ya tatu kijana wa kitanda cha pili ndo ananiambia kwa aibu, baba, hupulizi, unavuta. Tulicheka mpaka nikashika kifua, na kucheka na mfupa wenye waya sikushauri mtu.

Lakini hata ukiivuta sawasawa ile mipira sio mazoezi ya nguvu. Inakuonyesha umevuta hewa nyingi kiasi gani, inakukumbusha kuvuta ndefu, basi. Haina ukinzani wa maana. Ni kama kumpa mtu mkono uliodhoofika rula ya kupimia badala ya kitu cha kunyanyua. Na wenzetu wa Cochrane wanaokusanya tafiti na kuzichambua walishaiangalia kwa watu wa baipasi, mapitio ya 2012, hawakuona ushahidi kwamba inazuia matatizo ya mapafu kuliko njia nyingine. Mimi sisemi itupwe, kwa mtu anayeogopa kuvuta pumzi inamsaidia kuthubutu, ninachosema ni kwamba hospitali ikishakupa mipira isijione imemaliza habari ya pumzi.

Kifaa cha nguvu ni kingine kabisa. Ni kijibomba kinakaa mkononi, ndani kuna vali yenye springi, unabana pua, unaweka mdomoni, na hewa haiingii mpaka uvute kwa nguvu iliyozidi springi. Ukiikaza springi inakuwa ngumu zaidi. Yaani ni kunyanyua vyuma kwa kiwambo. Lakini huwezi kujua ukaze kiasi gani bila kupima kwanza, na kupima ndo hicho ambacho mimi sikufanyiwa kabla ya upasuaji wala wiki zile za kwanza baada ya hapo. Kipimo chenyewe hakina sindano wala nini, unatoa hewa yote, unafunga midomo kwenye mrija ulioziba, unavuta kwa nguvu zote sekunde moja mbili, mashine inasoma. Unarudia mara kadhaa wanachukua ile kubwa. Namba inasomwa kwa sentimita za maji, ndo kipimo chao cha nguvu ya kuvuta, na mwanaume akifika 80 kwa kawaida hawana wasiwasi naye. Mimi besi wa kwaya nilisoma 48. Nikamwambia dada mashine yako mbovu, akarudia, nikasoma 46.

Tukaanza na 15, hiyo ni kama theluthi ya uwezo wangu, ndo wanavyoanza wengi, pumzi 30 asubuhi na 30 jioni, na kila wiki akawa anaongeza kidogo kulingana na nilivyojisikia. Siku za kwanza ni kazi ya kijinga sana kusema ukweli, umekaa umebana pua unavuta bomba, mate yanakutoka, wajukuu wanakuangalia. Wiki ya tatu nikaanza kupanda ngazi bila kusimama katikati. Wiki ya nane akanipima nikasoma 74. Sehemu ya hiyo ingerudi yenyewe tu hata ningelala, maana miezi inavyoenda kifua kinapona na maumivu yanaisha, dada mwenyewe aliniambia hivyo na nilimpenda kwa kusema ukweli. Ila najua nilikotoka.

Sasa jambo lenyewe hasa lililonifanya niandike ni hili, na naomba mhariri msilikate mkikosa nafasi, kateni ile habari ya mipira. Wakati mzuri wa kuanza haya sio baada. Ni kabla. Kule Uholanzi, Utrecht, walifanya utafiti ukatoka mwaka 2006 kwenye jarida la JAMA, wagonjwa 279 waliokuwa wanasubiri baipasi na walioonekana wako kwenye hatari kubwa ya kupata shida za mapafu. Nusu wakapewa kile kijibomba cha springi wafanye dakika 20 kila siku, siku saba za wiki, kwa wiki mbili au zaidi kabla ya siku ya kupasuliwa, nusu nyingine wakaendelea na huduma ya kawaida. Baada ya upasuaji waliopata matatizo ya mapafu kwenye kundi la mazoezi walikuwa asilimia 18, kwa wale wengine asilimia 35. Nimonia peke yake ilikuwa asilimia 6.5 kwa 16.1. Hiyo sio dawa mpya, sio mashine ya mamilioni, ni springi na dakika 20. Na ni miaka karibu ishirini sasa toka watu wajue.

Mimi nilisubiri tarehe yangu miezi miwili na nusu. Miezi miwili na nusu nimekaa kwenye kiti naambiwa usijichoshe, usijichoshe, na mimi mtiifu, sikujichosha. Kweli kuna vitu mtu mwenye mishipa iliyoziba haruhusiwi kufanya, na mtu asisome barua yangu akaenda kukimbia. Lakini kuvuta bomba umekaa, baada ya daktari wako kukubali na mtu wa fizio kukuonyesha, ni kitu kingine. Zile wiki za kusubiri kila mtu anaziona ni za kuhesabu siku tu, kumbe ndo wiki pekee ambazo kifua bado hakina kidonda. Na hapohapo kwenye kusubiri, anayevuta sigara ndo muda wa kuacha, wiki nne angalau, nane ni bora zaidi, hilo halihitaji hata kifaa.

Kwa ambaye tayari kashapasuliwa kuna mambo madogo ambayo mimi nilichelewa kuyajua. Kukohoa ni lazima, sio hiari, ila unakumbatia mto kifuani kwa nguvu halafu ndo unakohoa, mto unashika mfupa. Dawa ya maumivu umeze kwa wakati, kabla ya mazoezi, mimi nilizikataa siku mbili kwa kujiona mwanaume, matokeo yake sikuvuta pumzi ndefu hata moja na usiku wa tatu homa ikapanda. Kaa, usilale bapa mchana kutwa, kiwambo kinashuka vizuri mtu akiwa amekaa wima. Na ile ya kuvuta pumzi ndefu mara kadhaa kila saa ukiwa macho inasaidia hata kama huna kifaa chochote.

Ila pia nisieleweke vibaya, sio kila kuhema ni msuli dhaifu. Kuna maji yanajaa pembeni ya pafu, kuna mapigo ya moyo yanaharibika mpangilio, kuna damu inaganda mguuni ikapanda kwenye pafu, na zote hizo zinaanza kwa mtu kusema nahema. Ukihema ghafla, au mguu mmoja ukavimba, au uzito ukapanda ndani ya siku mbili tatu bila sababu, au ukisikia mfupa wa kifua unalia kakaka ukigeuka, au kidonda kinatoa maji na una homa, hapo achana na bomba nenda hospitali. Na aliyewahi kupata hewa kuvuja ndani ya kifua asiguse kile kifaa mpaka aruhusiwe. Hivi ndo vitu ambavyo mtu wa fizio anavipima kabla hajakupa, ndo maana sipendi watu wanaojinunulia wenyewe na kuanza na ukinzani mkubwa kwa sifa.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, mkirudia mada hii msimhoji daktari wa moyo peke yake. Muulizeni na mtu wa fizio, muulizeni ni wagonjwa wangapi wanapimwa nguvu ya kuvuta pumzi siku wanayopewa tarehe. Na kwa hospitali, hata kama vifaa havitoshi kwa wote, basi wapimwe wazee, wavutaji sigara, wenye kisukari, wanene sana na wenye mapafu ya shida toka zamani, hao ndo wanaoumia zaidi. Sidhani kama ni kuomba sana.

Kwaya nimerudi mwezi uliopita. Zile noti ndefu bado nazikatia katikati, mwalimu anajifanya hasikii. Na yule kijana aliyenifundisha kuvuta mipira, yeye alikuwa wodini kwa vipimo tu vya vali ya moyo, alirudishwa nyumbani kusubiri, juzi kanipigia simu kapewa tarehe, zimebaki wiki tano. Akaniuliza, baba, ile bomba yako bado unayo? Nikamwambia ninayo ila sikuazimi, kitu cha mdomoni hakiazimwi mwanangu. Nikampa namba ya yule dada. Jana kapimwa, kasoma 61, kaanza leo asubuhi.

Msomaji wenu,
Besi wa safu ya nyuma